Kama Tuko Wadogo Hivi, Tunalia Nini?

Hapa Lobule kuna swali linarudi kila kiangazi, mawingu yakishaondoka na simu zikiisha chaji. Watu wamekaa nje juu ya mkeka, mmoja analala chali, anaangalia juu muda mrefu, halafu anasema kwa Kiswahili chetu cha Ituri: "Kama tuko badogo hivi, juu ya nini tunajisumbua?" Wengine wanacheka. Mwingine anajibu kwamba Mungu ni mkubwa. Kisha stori inarudi kwenye mgao, kwenye bei ya mihogo, kwenye nani amepata safari ya Canada. Swali linaachwa palepale kwenye mkeka.

Mimi naona tusiliache. Si swali la watu wa sayansi peke yao. Kama kweli sisi si kitu mbele ya ukubwa huu, basi na yaliyotupata si kitu. Na kama yaliyotupata si kitu, aliyetufanyia hana deni. Unaona linakokwenda? Mtu analala chali anasema neno la unyenyekevu, na bila kujua amemsamehe aliyechoma nyumba yake, tena kwa niaba ya kijiji kizima.

Kwanza tupime huo ukubwa wenyewe, maana wengi tunausema bila kuuona.

Kutoka Koboko mpaka Arua ni kama kilomita 55. Chukua boda isiyochoka, isiyoomba mafuta, inayokwenda kilomita 50 kwa saa usiku na mchana. Kufika mwezini itachukua siku 320 hivi, karibu mwaka. Sawa, mtu anaweza kuwaza mwaka. Kufika kwenye jua itachukua miaka zaidi ya 340. Yaani babu wa babu wa babu yako angeondoka, na wewe bado uko njiani, umezaliwa juu ya kiti cha boda na utafia hapohapo. Kufika kwenye nyota ya jirani kabisa baada ya jua ni miaka zaidi ya milioni 90. Hapo mawazo yanakata.

Tujaribu njia nyingine. Fanya jua liwe mpira wa miguu, uuweke katikati ya uwanja hapa Koboko. Dunia yetu, pamoja na bahari zake, Congo yake na Marekani yake, itakuwa mbegu moja ya simsim, hatua 24 hivi kutoka kwenye mpira. Mpira wa pili, yaani nyota ya jirani, utauweka wapi? Si Arua. Si Kampala. Utaupeleka karibu na London. Kati ya hapo na London hakuna mpira mwingine hata mmoja. Na mipira ya namna hiyo, katika ule ukungu mweupe unaokata anga ambao vitabu huuita Njia ya Maziwa, ni zaidi ya bilioni 100. Na Njia ya Maziwa ni kundi moja tu. Makundi kama hilo yako mengi kupita hesabu ya kawaida.

Nuru ndiyo inayokimbia kuliko vyote, kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hata hiyo hutumia dakika nane kutoka kwenye jua kutufikia, na miaka zaidi ya minne kutoka nyota ya jirani. Kutoka kundi la jirani linaloitwa Andromeda, ambalo mwezi wa Novemba jicho zima linaweza kuliona kama doa la moshi, hutumia miaka milioni mbili na nusu. Ukiangalia juu huoni mambo ya sasa. Unasoma barua za zamani zilizochelewa njiani, kila moja na tarehe yake.

Barua moja napenda kuwaonyesha watu. Mwezi wa Januari jioni, ukielekea kaskazini, yaani upande wa Sudan Kusini, kuna nyota kali ya manjano inaitwa Capella. Nuru yake imetembea miaka kama 43. Iliondoka huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo, ndugu msomaji, wakimbizi walikuwa wenyeji wetu. Amin alianguka mwaka 1979, na mwaka 1980 majeshi yalipoingia West Nile kulipiza kisasi, watu wa Koboko na Arua walivuka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Walilala kwenye mashamba ya wazee wetu. Wazee wa hapa wanasema wenyewe, bila kuulizwa: sisi tulikula kwenu. Nuru iliyoondoka wao wakiwa kwetu imefika sisi tukiwa kwao. Nyota haikujua lolote la haya, wala sisemi kwamba ni ishara. Nasema tu kwamba kwa kipimo cha anga, kugeuka kwa mwenyeji kuwa mkimbizi na mkimbizi kuwa mwenyeji ni safari fupi mno ya nuru.

Tukiwa hapo hapo, tulichopewa bure tukijue. West Nile iko digrii tatu tu kaskazini ya ikweta. Kwa mwaka mzima, mtu wa hapa anaona karibu anga yote. Mwezi wa Mei, jioni ileile, Msalaba wa Kusini uko upande wa Arua, na zile nyota saba za kaskazini zinazofanana na upawa ziko upande wa pili. Ndugu zetu waliopelekwa Canada hawauoni tena Msalaba wa Kusini. Waliopelekwa Melbourne wamepoteza upawa. Nilimweleza hivyo binamu yangu kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema huko kwao hata nyota zenyewe hazionekani, taa ni nyingi mno. Sisi ambao umeme haujatufikia tumebaki na anga. Sisemi ni fidia. Mtoto anayesoma kwa tochi hawezi kujibu mtihani kwa Msalaba wa Kusini.

Sasa kuhusu umbali wenyewe. Wazee wa sehemu hizi hawakusubiri darubini ndiyo waushangae. Majirani zetu Wadinka wana simulizi kwamba zamani mbingu ilikuwa chini, karibu, imefungwa na dunia kwa kamba, na mtu aliweza kupanda na kushuka. Mungu aliwapa watu wa kwanza punje moja ya nafaka kwa siku, na iliwatosha. Mwanamke akataka kutwanga zaidi, akainua mchi mrefu, ukamgonga Mungu. Mungu akaenda mbali, akatuma ndege mdogo akaikata kamba. Tangu siku hiyo kuna njaa, kuna kazi, kuna kifo. Wanuer nao wana kamba yao na aliyeikata. Walugbara pia husimulia juu ya wakati ambapo kulikuwa na njia ya kupanda juu, kisha ikaanguka, na watu wakatawanyika wakawa na lugha mbalimbali.

Wafanyakazi wa mashirika wakisikia hadithi hizi huziandika kama "utamaduni", wanaweka kwenye ripoti. Mimi nazisikia kama hoja. Mtaalamu wa nyota anasema mbingu haikuwahi kuwa karibu. Kweli, na tena tangu mwaka 1929 Edwin Hubble alipoonyesha vipimo vyake, tunajua makundi ya nyota yanazidi kuachana. Kwa habari ya vipimo, namfuata mtaalamu. Lakini simulizi ya Wadinka inajua jambo ambalo kipimo hakina: kwamba umbali unauma. Kwao anga kubwa ni mahali ulipofukuzwa. Aliyeitunga hadithi hiyo alijua ni nini kutenganishwa na nyumbani kwa kosa dogo, pengine kosa la kutaka unga zaidi. Na mwone huyo mama aliyelaumiwa. Punje moja kwa siku! Mimi ninayepanga mstari wa mgao, simlaumu hata kidogo.

Kuna hadithi nyingine, hii ya kwetu wote, maana wengi tuliiona. Tarehe 3 Novemba 2013, siku ya Jumapili, jua lilipatwa. Kivuli kilitoka Atlantiki, kikapita Gabon, kikakata Congo, kikaingia Uganda jioni, saa kumi na moja na dakika ishirini hivi. Pakwach jua lilifunikwa kabisa kwa sekunde chache, kama ishirini. Huku Arua na Koboko lilibaki kipande chembamba. Kuku walitafuta pa kulala. Watu walikuja kutoka nchi za mbali na miwani yao, wakijua dakika na sekunde, kwa sababu hesabu ya mwezi na jua ilikuwa imefanywa miaka mingi kabla.

Wiki sita baadaye, Jumapili nyingine, tarehe 15 Desemba 2013, risasi zililia Juba. Mpaka leo utasikia kwenye foleni ya maji: ile giza ilikuwa inatuambia. Naelewa kwa nini watu wanataka iwe hivyo. Ni afadhali mbingu iwe ilituonya tukashindwa kuelewa, kuliko mbingu iwe haikuwa na habari nasi kabisa. Lakini kivuli kile kilipita juu ya Gabon, ambako hakuna vita iliyofuata, na kingepita vilevile hata kama wakubwa wa Juba wangepatana. Mwezi hauna shauri na sisi.

Na hapa ndipo nashangaa kweli, kuliko ninavyoshangaa zile bilioni. Binadamu tunaweza kusema miaka mingi mbele ni sekunde gani jua litafunikwa juu ya Pakwach. Lakini mama aliyekuwa Bor tarehe 14 Desemba hakuna aliyemwambia apange vitu vyake. Jiwe kubwa linalozunguka angani tumelijua. Watu kumi waliokaa kwenye chumba wakiamua tumeshindwa kuwajua. Kwa hiyo nani mkubwa hapo, nani mdogo? Kitu kugumu kukielewa si lazima kiwe kikubwa kwa kilomita.

Nirudi kwa yule wa mkeka. Swali lake nimelisikia pia likitoka kwa watu waliovaa viatu vizuri. Kulikuwa na mafunzo ya kutuliza moyo, shirika sitalitaja, wala si kosa la kijana aliyetumwa. Alituambia tufumbe macho, tujione tuko mwezini, tuitazame dunia kutoka huko, tuone jinsi matatizo yetu yanavyokuwa madogo. Tukafumba. Mgao ulikuwa umepunguzwa mwezi uleule. Mama mmoja mzee hakufumba. Alipoulizwa, alisema taratibu: "Mwanangu, ukiwa mwezini huoni njaa yangu. Kweli. Lakini hata shibe yako huioni."

Kijana alicheka kwa aibu, akaandika kitu kwenye daftari. Mimi sikuweza kusikiliza tena mafunzo. Nilikuwa nahesabu. Maana mama yule alikuwa ametoa hoja ambayo haina tundu. Ukipeleka jicho mwezini, vyote vinapungua pamoja: turubai langu linapungua, na nyumba ya ghorofa ya waziri inapungua; machozi yangu hayaonekani, na gari la shirika halionekani, na mshahara wa aliyetuambia tufumbe macho hauonekani. Mwalimu wa hesabu darasa la sita atakwambia: ukigawa namba mbili kwa namba ileile, uwiano wake haubadiliki. Nusu ya chakula ni nusu ya chakula, ukiipima ukiwa Ocea au ukiwa Andromeda. Basi ukubwa wa anga hauwezi kutumika kupunguza upande mmoja tu. Anayeutumia kunyamazisha mwenye njaa, autumie kwanza kwa mwenye shibe, amwambie na yeye: shibe yako ni ndogo, unaing'ang'ania ya nini?

Kuna picha ambayo ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili wengi wanaijua. Tarehe 14 Februari 1990, chombo Voyager 1 kiligeuzwa nyuma kikapiga dunia picha kutoka kilomita bilioni sita hivi. Dunia ilitoka kama nukta, ndogo kuliko chembe moja ya picha yenyewe. Carl Sagan, mtaalamu aliyeomba picha ipigwe, aliitumia kufundisha unyenyekevu: angalia nukta hii, angalia damu yote iliyomwagwa kwa ajili ya pembe yake. Ni fundisho zuri. Swali langu ni la anuani tu. Linafundishwa nani? Mtu anayegombania pembe ya nukta ana jeshi, ana ramani, ana kiti. Huyo apelekewe picha ofisini. Mwenye kusimama kwenye foleni na kadi mkononi, akijulikana kwa tarakimu, udogo ameshafundishwa, na walimu wake walikuwa hodari.

Mashirika mengine yanapenda kuongeza: kutoka angani mipaka haionekani. Hapa kwetu haionekani hata ukisimama juu yake. Nenda Salia Musala, pale Uganda, Congo na Sudan Kusini zinapokutana. Nyasi ni zilezile, Kikwakwa cha kuku ni kilekile, na lugha ya Kikakwa inasemwa pande zote tatu. Mwaka 1894 sehemu hizi zilikodishwa kwa Leopold wa Ubelgiji. Alikufa mwaka 1909, na mwaka 1910 zikarudi chini ya Sudan. Mwaka 1914 West Nile ikapewa Uganda. Mzee mmoja angeweza kutawaliwa na serikali tatu katika miaka 20 bila kuhamisha hata chungu. Kwa hiyo kutoonekana hakumaanishi kutokuwepo. Mpaka usioonekana ndio uliotufanya mimi na jirani yangu, wote Wakakwa kwa mama, mmoja awe raia na mwingine awe na kadi. Ukitaka kuuondoa, darubini haitasaidia. Utahitaji sheria.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Hiyo Voyager 1 iliondoka duniani tarehe 5 Septemba 1977. Mwenzake, Voyager 2, alitangulia tarehe 20 Agosti. Kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, imerekodiwa sauti za dunia, ili kama kuna mtu huko aipate. Kamati ya Sagan ndiyo iliyochagua. Kuna salamu katika lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo, Kisotho kimo, Kiila cha Zambia kimo. Kiswahili, lugha hii tunayoandikia, hakimo. Usihuzunike sana: tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilisaidia kutambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho sasa kinajulikana kuwa shimo jeusi. Kwa hiyo neno letu moja liko kwenye vitabu vya nyota. Salamu ndiyo tulikosa.

Baada ya salamu kuna muziki. Kuna Bach, kuna Beethoven, kuna Chuck Berry. Na kuna wimbo wa chini ya dakika moja kutoka Zaire: wasichana wa msitu wa Ituri wakiimba wimbo wa unyago. Aliyerekodi ni Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa na Wambuti katika miaka ya 1950.

Ituri. Mkoa wetu. Aru na Ariwara ziko mkoa huohuo, na mtu akitoka hapa asubuhi kwa pikipiki atalala huko. Sauti za wasichana wale sasa ziko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu, mahali ambapo ujumbe wa redio, wenye mwendo wa nuru, hutumia karibu siku nzima kufika. Tangu Agosti 2012 Voyager 1 imetoka nje ya upepo wa jua, iko kati ya nyota na nyota. Hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu kilicho mbali zaidi. Mfalme wa nchi gani amefika huko? Katika miaka 40,000 hivi kitapita upande wa nyota nyingine, kwa mbali. Wajenzi wake walikadiria sahani inaweza kudumu miaka bilioni.

Nilipojua hili mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepata barua. Kisha nikaangalia orodha ya nyimbo. Bach ana jina lake. Beethoven jina lake. Chuck Berry jina lake. Kwenye wimbo wa Ituri kuna jina la nchi, aina ya wimbo, na jina la aliyerekodi. Wasichana wanaitwa "mbilikimo", jina ambalo hawakujipa wenyewe. Majina yao hakuna.

Sisi wa kambini tunajua orodha ya namna hiyo. Nchi: imeandikwa. Aina: imeandikwa. Aliyesajili: ametia sahihi. Na nilikaa nikifikiri kuhusu yule ndugu wa mkeka, kwamba labda anakosea mahali pa kutafuta udogo wetu. Anautafuta kule juu, kwenye mabilioni. Lakini anga haijawahi kumfuta mtu jina. Anga haina kalamu. Wale wasichana wangeweza kuandikwa kwa dakika mbili tu, mtu angeuliza, "Wewe unaitwa nani?" Hiyo dakika ilikuwepo. Msitu ulikuwa na nafasi. Karatasi ilikuwepo. Udogo wa aina ile ulitengenezwa hapa chini, mkononi mwa mtu, na kitu kilichotengenezwa mkononi kinaweza kutengenezwa upya.

Simsemi Turnbull vibaya kupita kiasi. Bila yeye hata sauti isingekuwepo, na ni wazi aliwapenda watu wale. Ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu. Mtu anaweza kukupenda, akakubeba mbali kuliko yeyote, akasahau kukuuliza jina. Wafanyakazi wa mashirika, hapo sisemi zaidi.

Wako wanaosema: haya yote ya nini, muumini hana shida na ukubwa wa anga. Kweli, swali la mkeka ni la zamani kuliko sisi. Zaburi ya 8 inauliza karibu lilelile, mtu akiangalia mwezi na nyota. Ndugu zetu Waislamu, ambao hapa Koboko na Yumbe ni wengi, wana Sura ya 40, inayosema kuumbwa kwa mbingu na ardhi ni jambo kubwa kuliko kuumbwa kwa watu. Shehe mmoja alinionyesha kwamba aya tatu mbele, sura ileile, Mungu anawaambia watu wamwombe naye atawajibu. Ukubwa na kusikilizwa vimewekwa jirani, kimoja hakikufuta kingine. Hata asiyesali anaweza kuchukua mpangilio huo: kwanza kubali kwamba ulimwengu haukutengenezwa kwa kipimo chako, kisha omba haki yako kwa sauti ileile.

Wazee wa pwani walikuwa na hekima hiyo kwa njia ya jembe. Waliangalia Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizobanana, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nuru ya Kilimia tunayoiona leo iliondoka miaka kama 440 iliyopita, kabla Wareno hawajajenga Fort Jesus kule Mombasa. Mkulima hakujua hilo. Alijua wakati wa kupanda. Kitu kikubwa mno na cha mbali mno, akakitumia kujaza ghala lake, na hakuona aibu kwamba shamba lake lilikuwa dogo.

Kwa wanaotaka kutazama: mwishoni mwa Julai, saa nne usiku, mawingu yakiruhusu, lala chali. Upande wa anga ambako Voyager 1 inaelekea, kwenye kundi la nyota liitwalo Ophiuchus, unakuwa karibu juu kabisa ya kichwa, kaskazini kidogo. Chombo chenyewe hakionekani, hata kwa darubini kubwa. Lakini ndiko wanakoimba.

Na kwa wasomaji waliotoka Mambasa, Epulu, na njia zile za msituni, nina ombi. Wasichana wa mwaka ule, walio hai, sasa ni bibi wa miaka 80 na zaidi. Kama kuna mtu mwenye bibi au shangazi aliyewahi kusema kwamba mzungu mmoja mrefu alikuja na mashine wakaimba, atufikie kabla ya toleo lijalo, aje na jina. Hata moja. Tutaacha nafasi ukurasa wa mbele.